Maswali ya Wasomaji: Kumfariji Jirani Wakati Nawe Huna Kitu

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka mitaa ya Goma, mashariki mwa Kongo, zinahusu jambo moja: namna ya kumfariji aliye katika majonzi wakati anayetaka kufariji naye anahangaika. Nimechagua tano. Majina nimeyaondoa, na mbili nimezifupisha kwa sababu walioziandika walieleza mambo ya familia ambayo hayana haja ya kusomwa na mji mzima.

SWALI: Mama Mshauri, jambo. Jirani yangu hapa Ndosho alifiwa na mume wake miezi miwili iliyopita. Wakati wa kilio nyumba yake ilijaa watu, lakini sasa hakuna anayepita. Ana watoto wanne, na amewapokea watoto wawili wa dada yake waliokimbia vita huko Masisi. Mimi nauza ndizi kando ya barabara, na kuna siku faida haitoshi kununua unga wa nyumbani kwangu. Ninatamani kumsaidia, lakini nikifikiria kumpelekea kibakuli cha maharage naona aibu, kwani hakiwezi kuwatosha watoto sita, tena naogopa asije akaona namdharau. Nimemwambia mara nyingi, “Ukiwa na shida, niite,” naye hajaniita hata siku moja. Je, nitulie mpaka nipate kitu cha maana?
*Mama muuza ndizi, Ndosho*

JIBU: Mama, usingoje. Hicho unachokiita kitu cha maana huenda kisipatikane mwaka huu, kwa jinsi biashara zilivyoyumba tangu benki za mji wetu zilipofungwa Januari 2025, na jirani yako hawezi kuahirisha huzuni yake mpaka ndizi zitoke vizuri.

Nianze na hayo maneno ya “ukiwa na shida, niite”. Yana nia njema, na karibu kila mmoja wetu huyatamka anapoaga msibani, lakini yanamwachia mfiwa kazi yote: atambue kwanza anachokosa, achague wa kumwomba, kisha ashinde haya ya kuomba. Mtu ambaye hajalala vizuri kwa majuma manane hana nguvu za kufanya hata moja kati ya hayo. Ndiyo sababu hakukuita, wala hatakuita. Badala ya kumwuliza anahitaji nini, zitazame kazi zilizomzidi, uchukue moja iliyo kadiri ya uwezo wako.

Kazi hizo haziko mbali na macho yako. Chukua maji. Mji wetu umekaa kando ya ziwa zima, lakini katika mitaa mingi bomba halifiki nyumbani, na bidoni la lita 20 hupanda mgongoni mwa mwanamke kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, juu ya mawe ya volkano ambayo hayajali kama umevaa kandambili au uko peku. Unapokwenda kupanga foleni alfajiri, pita mlangoni kwake, chukua bidoni moja tupu kati ya yale yaliyopangwa ukutani, umwambie kwa sauti ya kawaida kwamba umelichukua na unarudi, wala usisimame kungoja jibu. Ukirudi, liweke pale pale lilipokuwa, ukaze kifuniko ili watoto wasije wakalimwaga, kisha uende kwenye ndizi zako. Hukuingia ndani, hukumlazimisha kupanga nywele wala kutafuta kiti cha mgeni, lakini asubuhi hiyo kuna jambo moja ambalo halimkabili tena.

Au moto. Unajua makala, yaani makaa ya kupikia, yaliyonyeshewa yanavyokataa kuwaka, na moshi wake unavyoyachoma macho ya mtu aliyekesha akilia. Ukishawasha mbabula yako, lile jiko la makaa, chota makaa mawili matatu yaliyoshika vizuri, yaweke juu ya kipande cha bati, umtume mtoto wako mkubwa ayapeleke kwa uangalifu kabla hayajafifia. Mama zetu waliombana moto namna hii miaka yote, kwa hiyo hakuna atakayesema umemdharau mtu.

Kuhusu maharage, peleka, ila yapeleke yakiwa yameiva. Maharage makavu hula makala kuliko karibu chakula kingine chochote tunachopika. Kibakuli kilichokwisha kuchemshwa jikoni kwako kinamwokolea jirani moto wa saa mbili au zaidi, na hapo thamani yake si tena idadi ya vijiko ambavyo kila mtoto atapata. Yeye ataongeza maji, kitunguu na sombe (majani ya muhogo) kama ipo, na chakula kitakuwa chake mwenyewe alichokipikia wanawe. Waislamu wa Birere wanaijua desturi hii kwa asili yake: Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani huko Mu'ta mwaka 629, Mtume Muhammad aliagiza watu waipikie chakula familia yake, kwa kuwa ilikuwa imefikwa na jambo la kuishughulisha. Waliofiwa hawakutakiwa kuwapikia wageni. Sisi siku hizi mara nyingine tunalifanya kinyume, tukikaa siku nzima kwa mjane tukingoja sahani, na ningependa wazee wa kila avenyu walizungumze jambo hilo bila kuoneana haya.

Aibu unayoieleza wanayo wengi. Mwaka 2022 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha uchunguzi ambao sehemu yake ilifanyika kwenye uwanja wa kuteleza barafuni mjini Chicago, Marekani: watu walipata nafasi ya kumpa mtu wasiyemjua kikombe cha chokoleti ya moto, kisha wakaombwa wakisie furaha ya aliyepokea. Waliikisia kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Mtoaji huwa anakipima kile kitu, na kikombe ni kikombe tu. Mpokeaji naye anaguswa zaidi na kule kukumbukwa. Goma haina barafu, lakini hesabu yako ya kibakuli na watoto sita imekosewa kwa namna hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni wakati. Unaona umechelewa, na mimi naona umefika katika saa yenyewe. Kilio kina utaratibu wake: likelemba, kile chama cha kuchangiana, hutoa mchango, kanisa hutuma waimbaji, wanaume hukaa nje kando ya moto. Yote hayo huisha watu wakirudi makwao, na mjane hubaki na ada za shule, kodi ya nyumba na kitanda kilicho nusu tupu. Chagua siku moja ya juma unayoiweza, Jumanne kwa mfano, iwe siku yako ya kuchota bidoni lake, naye ajue hivyo. Kitu kidogo kinachojulikana kitakuja Jumanne kinampunguzia mtu wasiwasi kuliko gunia lililofika mara moja likaisha. Mwambie pia mama mwingine wa nyumba kumi yenu achukue Ijumaa. Na siku atakapolazimika kwenda kuwaandikisha wale watoto wa dada yake mahali msaada unapogawiwa, kaa na wadogo. Foleni hizo humaliza siku nzima, na mtoto wa mgongoni huzifanya ndefu zaidi.

SWALI: Mama Mshauri, rafiki yangu alipoteza mtoto wa miaka mitano kwa kipindupindu. Nilikwenda kumpa pole, nikamwambia Mungu amempenda mtoto zaidi yetu, na kwamba yeye bado ni kijana, atazaa wengine. Akainuka, akatoka nje, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Nilitaka kumtia moyo. Nilipaswa kusema nini?
*Ndugu wa Majengo*

JIBU: Ndugu yangu, pengine hukupaswa kusema mengi. Soma sura ya pili ya kitabu cha Ayubu. Rafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipomwona mwenzao katika hali ile walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Mpaka hapo walikuwa wafariji. Waliharibu walipofungua vinywa kumweleza kwa nini amepatwa na yale, wakaendelea sura baada ya sura, na mwishoni mwa kitabu Mungu mwenyewe anawakasirikia.

Sikatai imani yako, ninaishiriki. Lakini maelezo ya kwa nini mtoto amekufa si ya kupelekewa baba yake na mgeni. Akiyahitaji atayatafuta mwenyewe, na huenda akaja kukuuliza. Hayo ya kuzaa wengine yaache kabisa, maana aliyekufa alikuwa na jina lake, na hakuna mwingine atakayezaliwa akiwa yeye. Useme tu, “Pole sana, ndugu yangu. Nimeumia pamoja nawe.” Kisha ukae. Ukimkumbuka mtoto, litaje jina lake na jambo moja ulilomwona akifanya, kwani wazazi wengi huogopa kwamba watu wameamua kumsahau.

Usimsukume pia asimulie mtoto aliuguaje na saa ya mwisho ilikuwaje, hata kama umesikia kwamba kusema kunapunguza uchungu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na War Trauma Foundation na World Vision International, unasisitiza kwamba mtu asilazimishwe kueleza yaliyompata, asiambiwe ahisi nini, wala asipewe ahadi zisizo na uhakika. Unamtaka msaidizi atazame, asikilize, kisha amwunganishe mtu na ndugu zake na huduma anazohitaji. Mengi ya hayo bibi zetu waliyafanya bila karatasi, lakini ni vizuri yameandikwa, kwa sababu kizazi chetu kimejifunza kuhutubu kuliko kukaa.

Sasa mrudie, usipige simu. Nenda mwenyewe saa za jioni, umwambie sentensi moja tu, kwamba uliyosema siku ile hayakufaa na unaomba radhi. Usiyaeleze, maana ukiyaeleza utakuwa unamwomba yeye akufariji wewe. Halafu fanyeni kitu cha mikono: kama alikuwa akitengeneza mlango, shika ubao, kama anakwenda soko la Virunga kununua misumari, fuatana naye. Wanaume wengi wa hapa huzungumza vizuri zaidi wakiwa wanatembea kuliko wakiwekwa kwenye viti viwili vinavyotazamana.

Ukiona majuma yanapita hali hataki kula, halali, amegeukia pombe, au anasema afadhali angekufa yeye, hapo ukarimu wako peke yako hautoshi. Mpeleke kituo cha afya mwulize msaidizi wa kisaikolojia, au mfike kwenye kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu hapa Goma. Mpeleke wewe, usimwelekeze njia tu.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana wa Katindo. Tumechanga sabuni na chumvi kwa familia zilizowapokea waliokimbia vita. Wenzetu wanataka tupige picha ya kila familia ikipokea na kuziweka WhatsApp, ili waliochanga waone na wengine wahamasike. Baadhi yetu tunasita. Mama unasemaje?
*Binti wa Katindo*

JIBU: Binti yangu, msipige. Kipande cha sabuni hakinunui sura ya mtu. Yule mama ana mtoto anayesoma darasa moja na wadogo zenu, na mtoto huyo ataiona picha kabla sabuni haijaisha. Tena kuna watu waliokimbia ambao hawataki ijulikane wamefikia wapi, na wana sababu zao ambazo hawatawaeleza vijana wasiowafahamu. Mkitaka waliochanga wawe na imani, pigeni picha ya sabuni zikiwa zimepangwa mezani kabla hamjatoka, andikeni hesabu, na mwalikeni mmoja wa wachangiaji afuatane nanyi. Chumvi na sabuni ni chaguo zuri sana, kwa sababu huhitajika katika kila nyumba na huingia kwenye mfuko mweusi ambao jirani hawezi kuona ndani yake. Mfuko huo uleteni jioni, mtu mmoja au wawili, bila fulana za kikundi.

SWALI: Mama Mshauri, mimi ni mwalimu kutoka Sake. Mapigano ya mwaka 2024 yalinitoa nyumbani na familia yangu, tukapokelewa na watu wema huko Keshero. Wanatupa chakula, majirani wanaleta sahani, na wote wananiambia pole kila asubuhi. Sahani ninazirudisha tupu. Mwaka 2021, volkano ilipowatoa watu wa Goma, mimi ndiye niliyekuwa ninapokea. Sasa nimefika mahali ninajificha wanapobisha hodi. Ni ubaya wa moyo?
*Mwalimu mgeni, Keshero*

JIBU: Mwalimu, si ubaya. Umechoka kuwa mtu wa kupewa tu, na wanaokupa hawajaligundua hilo kwa sababu wema wao unawafurahisha.

Umetukumbusha jambo ambalo mji huu hauna ruhusa ya kulisahau. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 serikali ya mkoa ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame kwa hofu ya mlipuko mwingine. Barabara ya Sake ilijaa watu waliobeba magodoro na watoto, nao watu wa Sake wakafungua makanisa, shule na vyumba vyao. Nimewasikia wengi wakisimulia siku zile, na anayetajwa kwa sauti ya upole mara nyingi ni mtu aliyetandika mkeka, au aliyewaonyesha choo kilipo kabla hawajauliza. Inawezekana kabisa kwamba mtu anayekuletea sahani leo alilala shuleni kwako, na hesabu kati yenu haianzii mwaka 2024.

Lakini sikushauri ukae ukijifariji kwa mema ya zamani. Una kazi mikononi. Waambie wenyeji wako kwamba kila jioni, saa moja kabla ya giza, utakaa uani na watoto wa nyumba hiyo na wa majirani, na kwamba atakayekuja na daftari utamsaidia hesabu na Kifaransa. Huhitaji ubao, mlango wa bati na kipande cha chaki vinatosha. Usichukue malipo kwa watoto wa waliokulisha, wala usitangaze kwamba unalipa fadhila. Sahani zirudishe zikiwa zimeoshwa na kukauka, apeleke mwanao kwa mikono miwili. Wanaojua desturi kwamba sahani hairudi tupu wanajua pia hali ya mkimbizi.

Na ninyi wenyeji wa Keshero mnaosoma ukurasa huu, mwombeni mwalimu kitu. Mwombeni awasomee barua ya shule, awashikie mtoto, awape shauri kuhusu kijana asiyependa masomo. Pole ya kila asubuhi inamkumbusha kila asubuhi alichopoteza. Baadhi ya siku msalimieni “jambo, Mwalimu” tu, mzungumzie mvua. Methali ya kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, hupenda kunukuliwa na wasiotoa, lakini hata wanaotoa kwa moyo wanahitaji kuacha nafasi ili mwingine naye atoe.

SWALI: Mama Mshauri, ninasoma Lubumbashi, na dada yangu mkubwa yuko Goma. Ameugua, biashara yake pale soko la Kituku imekufa, naye ananijibu kwa neno moja moja. Sina fedha za kumtumia kila mwezi, na kufika huko siwezi. Kwa mbali hivi nifanye nini?
*Mdogo wake, Lubumbashi*

JIBU: Kijana wangu, ukiwa na faranga kidogo, mtumie unite za simu au kiasi kidogo kwa M-Pesa au Airtel Money, bila hotuba na bila kumuuliza kesho yake amezitumia vipi. Usipokuwa nazo, bado una sauti. Usimpigie ili akupe habari za Goma. Habari hizo anaishi ndani yake na zimemchosha. Msimulie wewe: mwalimu wenu alivyochelewa, bei ya bukari (ugali) kwenye mgahawa wa chuo, jirani anayeimba usiku. Rekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja, ambao anaweza kuusikiliza akiwa amelala na asilazimike kujibu. Mtafute pia rafiki yake mmoja aliye Goma, umwombe apite amwone, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu aliye mbali hawezi kuyafanya isipokuwa kwa miguu ya mwingine.

Na kama hujui uanze vipi kuandika, andika hivi: “Yaya, nimekukumbuka leo nilipoona samaki wadogo, sambaza, sokoni, ila za huku si kama zako. Usijichoshe kunijibu. Nitakupigia Jumapili baada ya misa. Ukiwa umelala, nitapiga tena jioni.” Jumapili ikifika, piga kweli, kwa saa uliyoisema. Akikaa kimya siku mbili, usimtumie ujumbe wa kulalamika. Siku ya tatu mtumie mwingine mfupi kama huo.